WALIHESABU MIFUKO, HAWAKUHESABU WATU



Wapo watu duniani ambao kazi yao ni kutuambia kesho. Hawapasui kuku kama waganga wetu wa zamani. Wao huvaa tai, huchora mistari inayopanda, na hulipwa vizuri. Siku hizi twaambiwa nao kwamba satelaiti itafuta minara, kwamba noti na sarafu zitakufa, na kwamba akili mnemba itamfundisha mtoto wa Ushetu vizuri kuliko mwalimu wake. Huenda baadhi ya hayo yatatokea. Lakini kabla ya kupiga makofi, yafaa tufanye kama mwalimu anavyofanya na daftari la mwanafunzi: tufungue kurasa za nyuma, tuone alipata ngapi.

Nasema mapema yaliyomo katika daftari hilo. Kwa miaka zaidi ya mia watabiri wa simu wamerudia kosa lile lile: walihesabu mifuko ya watu, hawakuhesabu haja zao. Wakadhani maskini hataitaka simu, naye akaitaka. Kisha wakadhani mtaji utamfuata maskini huko aliko, nao haukumfuata.

Tuanze huko simu ilikoanzia. Mwaka 1879 William Preece, mtaalamu wa umeme katika Posta ya Uingereza, aliieleza kamati ya Bunge lao kwamba simu haikuwa na haja kubwa kwao kama kwa Wamarekani, maana Uingereza ilikuwa na watumishi na vijana wa kutumwa kwa wingi. Tazameni! Bwana mwenye mtumishi hakuona haja ya simu. Mtumishi mwenyewe, aliyetumwa kwa miguu mvua na jua, hakuulizwa.

Miaka mia baadaye, karibu na mwaka 1980, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, iliwauliza washauri wa McKinsey nchi ile itakuwa na simu za mkononi ngapi ifikapo mwaka 2000. Jibu linalosimuliwa mpaka leo ni 900,000. Mwaka 2000 ulipofika, zilikuwa zimepita milioni 100. Kama wenye elimu yote na mashine zote walikosea hivyo kuhusu jirani zao wenyewe, je, walitujua sisi?

ARUSHA, 1985

Tuje nyumbani. Mwezi Mei 1985 dunia ilikutana Arusha katika mkutano wa kwanza wa dunia wa maendeleo ya mawasiliano ya simu. Mbele ya wajumbe ilikuwapo ripoti ya tume ya Sir Donald Maitland, iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka ule. Ripoti ile ilisema kweli chungu. Dunia ilikuwa na simu milioni 600, na robo tatu ya hizo zilikuwa katika nchi tisa tu. Mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika lenye watu milioni 500. Tume ikaweka shabaha kwamba mwanzoni mwa karne ya 21 karibu kila binadamu awe na simu mahali anapoweza kuifikia kwa urahisi.

Shabaha ile ilikuwa njema, na heshima yake naitoa. Lakini angalieni mizani yake: simu ya kufikia, si simu ya kumiliki. Hata rafiki zetu, walipotutakia mema, walituona tumepanga foleni mbele ya simu moja ya kijiji. Fikra hiyo iliendelea miaka mingi. Mwaka 2003 kampuni ya MTN na Grameen Foundation walianzisha Uganda mpango wa simu ya kijiji: mtu mmoja akopeshwe simu, awauzie majirani zake dakika. Nia ilikuwa nzuri, lakini baada ya muda mfupi majirani walijinunulia simu zao wenyewe.

HESABU YA NYAYA

Sasa tazameni hesabu yetu wenyewe. Mwezi Februari 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. TTCL ikalindwa: hadi Februari 2005 simu za mezani na simu za kwenda nje zilikuwa zake peke yake. Hayo ndiyo mahubiri ya wakati ule katika Afrika nzima, kwamba mwenye mtaji akipewa hisa na ulinzi wa miaka michache, atatandaza nyaya mpaka vijijini.

Je, alitandaza? Mwaka 2000 nchi ilikuwa na laini za mezani zipatazo 173,000. Mwaka 2005, ulinzi ulipokwisha, zilikuwa karibu 154,000. Hazikuongezeka, zilipungua! Wakati huo huo simu za mkononi zilitoka kama 127,000 zikafika karibu milioni tatu. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa zile asilimia 35, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa Bharti Airtel. Tuliuza kwa utabiri, tukanunua kwa fedha.

Tena, nani aliyefikiri kwamba simu itakuwa benki? Kenya mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa kama njia ya kulipia mikopo midogo. Watu waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mpango wakaona, wakageuza mpango, na Machi 2007 ikatoka kama njia ya kutuma fedha. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Akili ile ilitoka kwa mama anayemtumia mwanawe nauli, na kwa kibarua anayewapelekea wazee wake fedha za chumvi. Mabingwa waliandika tu yale ambayo watu wadogo walikwisha kuyafanya.

Hapa Kahama hilo lisitushangaze. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walipoinuka katika nchi hii ya Usukuma na Unyamwezi kupambana na wezi wa ng'ombe, yowe na filimbi zilipokewa kijiji hata kijiji, usiku kwa usiku. Haja ya kupashana habari tulikuwa nayo zamani. Tulikosa chombo tu.

WATASEMA

Najua watakaonijibu. Watasema: "Wewe unawatukana wafanyabiashara, na hao ndio waliokuletea simu." Siwatukani, na haki yao nawapa. Mo Ibrahim alipoanzisha mwaka 1998 kampuni iliyokuja kuitwa Celtel, wenye mabenki wengi waliiogopa Afrika. Yeye akathubutu, na mwaka 2005 kampuni ile ikauzwa kwa dola bilioni 3.4. Ushindani ulishusha bei, na kufikia mwisho wa 2023 laini za simu Tanzania zilikuwa zimepita milioni 70. Asiyeliona hilo ana makengeza.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Mfanyabiashara hujenga mnara palipo na faida, na pasipo na faida hajengi. Ushahidi huu hapa. Mei 2023, zaidi ya miaka ishirini tangu ushindani wa simu za mkononi uanze, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ruzuku ya umma ilikuwa shilingi bilioni 126. Kama utabiri wa soko ungekuwa kweli, kata hizo 713 zingengoja nini muda wote huo, hata fedha ya umma ikaja kumshika mtaji mkono na kumwongoza njia?

Na si wafanyabiashara peke yao waliokosea hesabu. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza. Waliopanga walidhani mwananchi atalipa anyamaze. Hakunyamaza. Watu walilalamika nchi nzima, wengine wakarudi kubeba noti mfukoni, na Septemba ya mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kosa ni lile lile, kuhesabu mfuko badala ya kumhesabu mtu.

SIMU SASA NI MLANGO

Ndugu, jambo hili si hadithi ya kupitisha jioni. Simu sasa ni mlango wa haki. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Mwaka 2022 mbolea ya ruzuku ilipoanza, mkulima alitakiwa awe amesajiliwa, na simu ikawa njia mojawapo ya kumfikishia namba yake. Mchimbaji mdogo anayetoka kwenye karasha na gramu zake chache huuliza bei kwa simu kabla hajakutana na dalali. Mkulima wa mpunga naye hivyo hivyo. Asiye na mtandao haulizi bei, hupangiwa. Basi kijiji kisicho na mtandao hakikukosa starehe, kimefungiwa nje. Na anayetabiri kwamba mtandao "utafika tu" anamwambia mtu wa nje aendelee kungoja.

Kwa hiyo, kila utabiri ukija, tuuhoji maswali matatu. Kwanza, anayesema anauza nini? Pili, nani atalipa, na kwa kila shilingi mia anazotuma mnyonge zitafika ngapi? Tatu, nani ameachwa nje ya hesabu? Utabiri usiojibu la tatu ni tangazo la biashara, hata kama umeandikwa na daktari wa falsafa.

Tena tusiishie kuhoji. Kila shina katika Kahama, Msalala na Ushetu liandike orodha: kitongoji gani hakina mtandao, mtu hutembea mwendo gani kuupata, zahanati ipi na shule ipi haiwezi kupiga simu mvua zikinyesha. Orodha isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, ipelekwe kwa diwani, na diwani aulizwe kila baada ya miezi mitatu. Fedha za Mfuko ni za umma, na zimewekwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Lakini hakuna atakayezileta mahali ambapo hapajaandikwa.

Mabingwa wana hesabu zao, nasi tuandike zetu. Kalamu zipo, daftari zipo, na vitongoji vyetu twavijua kwa majina. Kazi ianze wiki hii.