Kanisa lilishe kwa mfuko wake

Marekani ilisitisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Pigo hilo liliyafika makanisa pia. Catholic Relief Services, shirika la maaskofu Wakatoliki wa Marekani ambalo limehudumu Kenya kwa miongo mingi, lilikuwa likiitegemea USAID kwa takriban nusu ya bajeti yake. Lilianza kupunguza wafanyakazi na miradi. Huko Kakuma, mgao wa chakula wa Umoja wa Mataifa kwa wakimbizi ulishuka katikati ya 2025 hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachohitajika.

Ndipo ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya chakula tulichozoea kukiita cha kanisa kilinunuliwa na walipa kodi wa nchi nyingine. Kanisa lilikipokea, likakisafirisha, likakigawa kwa uaminifu. Lakini halikukitoa. Uamuzi wetu ni kwamba makanisa ya Kenya, yenye waumini kwa mamilioni na makusanyo kila Jumapili, hayana tena sababu ya kuwalisha wenye njaa kwa mfuko wa wengine huku mfuko wao ukijenga.

Hatusemi hivi kwa kudharau yaliyofanyika. Wamisionari Wakatoliki waliingia Turkana mwaka 1961, ukame ukiwa umekaza, na waliingia na chakula. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na Wakenya zaidi ya milioni 4 wakawa wanahitaji msaada wa chakula, yalikuwako maeneo ya Marsabit na Turkana ambako misheni ndiyo iliyokuwa na stoo, gari na mtu anayeyajua maboma kwa majina. Watu wako hai leo kwa sababu hiyo. Hilo halifutiki.

Lakini tazama kinachotendeka mjini, katika parokia yoyote yenye maegesho yaliyojaa. Wakati wa matoleo akina mama huja wakicheza kuelekea altare, wamebeba vikapu vya ndizi, pakiti za unga, mafuta ya kupikia, pengine na kuku. Vitu hivyo hupita mbele ya macho ya kila mtu, kisha huingia sakristia, na kutoka hapo jikoni kwa padri. Bahasha za zaka huhesabiwa. Mweka hazina husoma fedha zilizopatikana na kiasi kilichosalia kumaliza mnara. Siku mbili baadaye mama mwenye watoto hufika kwenye afisi ya parokia kuomba gorogoro moja ya mahindi, na swali la kwanza analoulizwa ni la jumuiya yake. Je, ana barua ya mwenyekiti? Michango yake imekamilika? Aliyeshindwa kuchanga kwa sababu hana kitu hunyimwa kwa sababu hakuchanga. Huo ni utaratibu wa kikatili, na hauna msingi wowote katika imani unayodai kuilinda.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza jinsi kanisa la kwanza lilivyokabili malalamiko ya aina hii. Wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wasubiri mfadhili. Waliitisha mkutano wa waumini wote, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Usimamizi wa chakula ulikabidhiwa upande wa walionung'unika. Ni parokia ngapi leo zina mjane asiye na shamba katika kamati inayoamua nani apewe unga?

Novemba 2024 Rais William Ruto alizuru kanisa la Soweto, Kayole, akatoa Sh2.6 milioni, akaahidi na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kuwa fedha hizo zitarudishwa. Tunamuunga mkono bila kusita. Lakini angalia fedha zenyewe zilitengewa nini: kwaya na watoto wa parokia, na nyumba ya mapadri. Kayole iko Embakasi, ambako watu hulala njaa umbali mfupi kutoka lango la kanisa. Mwanasiasa hutoa kwa kile alichoambiwa ndicho hitaji. Ikiwa nyumba ya padri ndiyo hitaji linalojulikana hata Ikulu, kosa hilo halikuanzia Ikulu.

Wako viongozi wa dini watakaojibu kwamba kulisha raia ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Maaskofu wana kila sababu ya kuishtaki Serikali mimbarini inapoivunja haki hiyo. Wajibu wa Serikali, hata hivyo, hauondoi wajibu wa aliyejitwalia jina la Kristo. Na askofu anayedai Serikali ieleze ilikopeleka kodi hawezi kukwepa kueleza dayosisi yake ilikopeleka sadaka.

Kwa hiyo tunataka mambo yafanyike, na yafanyike kabla ya Kwaresima ijayo. Kila parokia, kila kanisa la mtaa, la dhehebu lolote, litenge sehemu maalumu ya makusanyo yake kwa chakula cha maskini, na sehemu hiyo isiguswe kwa mabati wala viti. Parokia tajiri za Nairobi zitume sehemu yao moja kwa moja kwa majimbo ya kaskazini. Barua ya mwenyekiti na stakabadhi za michango zikomeshwe kuwa sharti la mtu kupewa unga. Wajane na vibarua waingie kwenye kamati za mgao wakiwa na kura kamili. Na kiasi kilichotolewa kwa wenye njaa kisomwe hadharani Jumapili ile ile zinaposomwa hesabu za ujenzi, na mweka hazina yule yule, mbele ya waumini wale wale.