Kumi bora kati ya zilizookoka

PAZIA NA MWANGA
Na Hamisi Makungu

Tarehe 1 Desemba 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilitangaza filamu bora kuliko zote duniani, na wapenzi wengi wa sinema ikabidi waulize kwanza ni filamu gani hiyo. Jeanne Dielman, kazi ya mwaka 1975 ya Mbelgiji Chantal Akerman, inatumia saa tatu na dakika ishirini na moja kumwonyesha mama mjane akimenya viazi, akitandika kitanda, akipokea wanaume wanaomlipa mchana, kisha akirudi jikoni. Ugomvi ulizuka papo hapo. Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba kura imepindishwa na siasa za wakati huu. Wengine walishangilia kuona mwanamke ameshika nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza. Kambi zote mbili zilikuwa zikibishania ubora, nami naona zililiruka swali linalotangulia. Kabla filamu haijaitwa bora au mbovu, sharti iwe imeonekana. Ukizifuata orodha hizi tangu zianze mwaka 1952, kila baada ya miaka kumi, utakuta unasoma historia ya nakala: nani alikuwa nayo, aliifungia wapi, na aliitoa kabatini lini.

Chukua Citizen Kane. Orson Welles aliitoa mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, na Wafaransa hawakuiona hadi 1946. Wahakiki 63 walipopiga kura ya kwanza mwaka 1952, ushindi ulikwenda kwa Wezi wa Baiskeli ya Mwitaliano Vittorio De Sica, filamu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, na Kane haikufika hata kumi bora. Mwaka 1962 ikawa ya kwanza, ikakaa kileleni kwa kura tano mfululizo. Ndani ya mkanda wenyewe hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika ile miaka kumi. Kilichotokea ni kwamba studio iliyoimiliki iliuza hazina yake kwa vituo vya televisheni, na kuanzia 1956 Wamarekani wakaanza kuiona sebuleni, huku ikirudishwa pia kwenye majumba ya sinema. Kisa cha It's a Wonderful Life kinachekesha zaidi. Ilitoka mwaka 1946, haikurudisha gharama zake, ikasahaulika. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, ni uzembe wa makaratasi tu, na vituo vya televisheni vikagundua kwamba vinaweza kuirusha bila kumlipa mtu. Vikairusha kila Krismasi. Leo Mmarekani atakuapia kuwa ni filamu ya moyoni mwake, na hasemi uongo, ila moyo huo uliandaliwa na karani aliyesahau fomu.

Mpinzani makini atanijibu kwa Vertigo, na ana haki. Alfred Hitchcock aliitengeneza mwaka 1958 kutokana na riwaya ya Wafaransa wawili, Boileau na Narcejac. Baadaye akashika haki zake, akaifungia pamoja na nyingine zake nne, ikawa vigumu mno kuiona kihalali hadi iliporejea sinema miaka michache baada ya kifo chake cha mwaka 1980. Hata hivyo iliingia kumi bora mwaka 1982, ikiwa bado kifungoni. Je, hoja ya nakala haijavunjika hapo? Imepata ufa, nakubali. Zipo filamu ambazo kukosekana ndiko kunakozikuza: aliyeiona ujanani huikumbuka kuliko ilivyokuwa, na asiyeiona huitamani kwa kusikia. Lakini wale wa 1982 wengi walikuwa wahakiki wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, walioiona ilipotoka au muda mfupi baadaye, na vitabu vya kumsifu Hitchcock vilikuwa vimeshaandikwa. Walikuwa wakila akiba. Na akiba yote hiyo iliifikisha nafasi ya saba. Kupanda hadi ya nne mwaka 1992, ya pili mwaka 2002 na ya kwanza mwaka 2012, ikiiangusha Kane, kulingoja mkanda urudi, ukarabatiwe mwaka 1996 rangi zake ziwake tena, na kizazi kisichowahi kuzaliwa mwaka 1958 kiutazame kwa macho yake.

Akerman naye alipanda kwa ngazi ileile. Kwa miongo mitatu filamu yake ilisomwa zaidi kuliko ilivyotazamwa; walimu wa vyuo waliisimulia, wanafunzi wakaandika insha juu ya simulizi hizo. Toleo la DVD la Marekani lilipatikana mwaka 2009. Katika kura ya 2012 ilikuwa bado nje ya thelathini bora. Kati ya hapo na 2022 idadi ya wapiga kura iliongezeka kutoka 846 hadi 1,639, na wengi wa walioongezwa walikuwa wamekutana naye kwenye diski au mtandaoni. Schrader hakukosea kabisa: kualika watu wapya ni uamuzi, na uamuzi una siasa ndani yake. Kosa lake ni kudhani kwamba mialiko ya 1952 haikuwa na siasa. Wahakiki 63 walichaguliwa na mtu pia. Hakuna aliyelalamika kwa sababu walifanana na wanaolalamika leo.

Ukitaka ushahidi ulio karibu zaidi na kwetu, tazama filamu za Senegal. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ilitoka mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka thelathini ilibaki jina linalotajwa na wataalamu. Mwaka 2008 ilikarabatiwa kwa msaada wa mfuko wa Martin Scorsese, na kura iliyofuata, ya 2012, ikaiweka ya 93. Mwaka 2022 ikapanda hadi ya 66. La Noire de..., ambayo Ousmane Sembène aliitengeneza mwaka 1966 kutokana na hadithi fupi yake mwenyewe, ilikarabatiwa mwaka 2015, na mwaka 2022 ikaingia mia bora katika nafasi ya 95. India ina kisa chake. Mikanda asilia ya Pather Panchali ya Satyajit Ray iliungua moto London mwaka 1993, ikadhaniwa imekwisha, hadi mafundi walipoiokoa kipande kwa kipande na kuirudisha mwaka 2015. Nayo ikapanda kutoka ya 42 hadi ya 35. Filamu tatu, lugha na mabara tofauti, na kila mara fundi wa maabara ametangulia mpiga kura.

Wapo watakaosema nachanganya mlango na nyumba. Filamu zilizokarabatiwa ni mamia, watasema, na nyingi hazikuingia orodha yoyote. Kwa hiyo kilichoipandisha Touki Bouki ni kipaji cha Mambéty. Kweli kabisa. Pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele ikikatiza Dakar haikuhitaji maabara ya ukarabati ya Bologna kuwa picha ya ajabu. Ilikuwa ya ajabu tangu 1973. Mimi sisemi ukarabati huzaa ubora. Nasema orodha haina uwezo wa kutofautisha filamu mbaya na filamu isiyoonekana, zote huzipa sifuri ileile, kisha msomaji huisoma sifuri hiyo kama hukumu. Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013 kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo: katika karibu 11,000, zilizobaki katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Hiyo ni Marekani, nchi yenye fedha na makabati. Hata The Magnificent Ambersons ya Welles, iliyotokana na riwaya ya Booth Tarkington na kuingia kumi bora mwaka 1972 na 1982, ilikatwa na studio zaidi ya dakika arobaini, na vipande hivyo havijaonekana hadi leo. Wahakiki waliipigia kura filamu ambayo hawakuwahi kuiona nzima. (Nadhani walifanya sawa, lakini hiyo ni safu ya wiki nyingine.)

Sasa tuje nyumbani. Mtazamaji wa Unguja au Dar es Salaam wa miaka ya 1950 na 1960 asingekupa kumi bora ya London. Angekutajia Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyojaza majumba ya sinema ya pwani na nyimbo zake zikaimbwa na watu wasiojua neno la Kihindi. Awara haimo katika mia bora ya Sight and Sound. Je, hao walikuwa na macho mabovu? Walikuwa na wasambazaji wao, Wahindi wa hapa hapa waliojenga Majestic na Empire za Unguja, Empress na Avalon za Dar, na wakaleta Bombay pamoja na Hollywood. Orodha yao ingekuwa halali sawasawa na ya 1952, na ingekuwa na ulemavu uleule. Baadaye kikaja kibanda umiza, banda la video la mtaani, na pamoja nacho sauti ya Lufufu akisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu za Schwarzenegger, na kule Kenya DJ Afro juu ya za Jackie Chan. Filamu iliyosimuliwa na Lufufu ina utani ambao mwongozaji wake hakuuweka na majina ambayo wahusika hawakupewa. Kitaalamu ni filamu nyingine. Mamilioni waliipenda hiyo nyingine, na hakuna orodha yenye safu ya kuiandika.

Kwa hiyo nikiziona orodha za filamu bora za Tanzania zinazozunguka simuni, nyingi huanzia miaka ya 2000, kana kwamba kabla ya kanda za Bongo movie watu walikuwa wamelala. Hawakulala. Kulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu 1968, kukawa na Fimbo ya Mnyonge miaka ya 1970, kukawa na Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985, dakika thelathini na sita kuhusu mwanamke anayeogopa waganga wa jadi, na Mama Tumaini mwaka uliofuata. Muulize kijana anayepanga orodha ameziona ngapi. Hakuziacha kwa kuzidharau. Hazikumfikia, na kisichomfikia mtu hakiwezi kupata hata kura ya hapana.

Nitaambiwa intaneti imemaliza tatizo hili. Imelipunguza kwa waliokuwa tayari na nakala nzuri. Intaneti hupokea kilichopelekwa; mkanda wa milimita kumi na sita ulioko ndani ya kopo lenye kutu haupandi wenyewe mtandaoni. Na kinachopanda mara nyingi ni kivuli, kimenakiliwa kutoka kanda ya video hadi diski hadi simu, nyuso zimekuwa madoa. Kuna na lugha. Touki Bouki inazungumza Kiwolof na Kifaransa, na asiyejua hizo wala Kiingereza atatazama dakika themanini na tisa za watu wakifungua midomo. Nitaambiwa pia kwamba orodha ni mchezo wa baraza, kwa nini kuichukulia kama mirathi? Kwa sababu mchezo huu unagawa fedha. Filamu iliyotajwa huingia mitaala, huombwa na matamasha, na mfadhili anayechagua nini akikarabati huanza na majina aliyokwisha kuyasikia. Iliyonyimwa nafasi leo inanyimwa na kesho.

Hata ule ubishi mkongwe wa kitabu na filamu, ambao kila mara kitabu hushinda, nauonea shaka hiyohiyo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, ikawa kitabu cha sekondari za juu. Nakala zake zimo mikobani, zimo chini ya vitanda vya mabwenini, zimepigiwa mistari na kurithishwa. Kila mwanafunzi ni ghala lake. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar, ya pili tu katika historia yetu baada ya Maangamizi ya 2001. Shivji alichagua mapenzi ya Yasmin na Denge na vuguvugu dhidi ya Mwingereza, akaacha mengi ya riwaya yaende zake, na kwa maoni yangu alichagua vyema, maana filamu ya saa moja na nusu haibebi kurasa zote. Lakini msomaji anayesema kitabu ni bora, mara ngapi ameiona filamu? Mara moja, kama aliwahi. Kitabu alikisoma, akakirudia, akakifanyia mtihani. Hayo ni mashindano kati ya aliyekaa nyumbani na mgeni aliyepita mlangoni.

Ningependa kila anayetoa orodha, mhakiki wa London na kijana wa Mbagala, aandike mbele ya kila jina mambo matatu: aliiona wapi, kwa lugha gani, na nakala ya aina gani. Itachosha kusoma, najua, na nusu ya utamu wa kubishana utapotea. Lakini orodha ya namna hiyo ingetuonyesha palipo tupu. Kura ijayo ya Sight and Sound, kwa mwendo wake wa miaka kumi, inaangukia mwaka 2032. Arusi ya Mariamu itakuwa na miaka 47, sawa na iliyokuwa nayo Jeanne Dielman siku ilipotangazwa ya kwanza.