Tupime kwanza, tununue baadaye

Kadiri masomo ya kompyuta na sanaa yanavyozidi kushika mizizi shuleni, ndivyo wauzaji wa vifaa wanavyozidi kubisha hodi katika ofisi za walimu wakuu. Wimbo wao ni mmoja: kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza kuhariri picha pasipo kompyuta yenye kadi ya michoro ya bei ghali. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini chembe si kibaba. Kabla bodi ya shule haijaidhinisha fedha za wazazi, yafaa ifahamike kadi hiyo hufanya nini na haifanyi nini.

Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta. Picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu ina nukta milioni 24, na kila nukta hubeba tarakimu tatu: ya rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Mwanafunzi anapoongeza mwangaza, tarakimu milioni 72 hazina budi kukokotolewa upya.

Prosesa kuu ya kompyuta ni mfano wa fundi bingwa. Aweza kazi za kila namna, lakini mikono yake ni michache. Kadi ya michoro nayo ni mfano wa kijiji kizima kilichojitokeza kulima shamba la jirani. Hapana bingwa miongoni mwao, bali majembe ni mamia, hata maelfu. Kwa kuwa aghalabu hesabu ya nukta moja haingojei jibu la nukta nyingine, shamba humalizwa upesi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, kadi haikuzaliwa pamoja na kazi hii. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka wa 1990, na kwa miaka mingi iliitegemea prosesa kuu. Toleo la CS4 la mwaka wa 2008 ndilo lililoanza kuitumia kadi katika kukuza na kuzungusha picha kwenye skrini. Mwaka wa 2012 toleo la CS6 likaikabidhi kazi nzito zaidi, kama vile kupinda maumbo na kutia ukungu. Mnamo 2023 programu ya Lightroom ilipewa zana ya akili bandia ya kusafisha chembechembe zinazoharibu picha zilizopigwa penye mwanga hafifu. Kazi hiyo huchukua sekunde chache kwenye kadi yenye nguvu, na dakika kadhaa kwenye kompyuta dhaifu. Hapo hatubishi, kadi inastahili bei yake.

Lakini ni wanafunzi wangapi wanaofanya kazi hiyo kila siku? Kufungua faili, kuihifadhi, kupunguza kingo za picha na kuandika maneno juu yake ni shughuli zisizopata faida kubwa kutoka kwa kadi. Isitoshe, ni lazima picha isafirishwe kutoka kumbukumbu ya kompyuta hadi kumbukumbu ya kadi, na mara nyingi irudishwe tena. Kwa kazi ndogo, safari hiyo yaweza kuchukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Aidha, kompyuta yenye kumbukumbu finyu na diski ya kizamani itazidi kukwama hata ikitiwa kadi ya kifalme. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Twawashauri walimu waligeuze suala hili kuwa somo. Programu ya darktable hailipiwi, na mna ndani yake kitufe cha kuiwasha au kuizima huduma ya kadi. Isipoipata kadi inayoifaa, kazi hufanywa na prosesa kuu. Mwanafunzi hungoja zaidi, lakini hanyimwi picha. Basi wanafunzi wachukue picha moja, waifanyie mabadiliko yaleyale kadi ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa, na wapime muda kwa saa. Warudie mara tatu na kuandika matokeo ubaoni. Kwa kipindi kimoja watakuwa wamejifunza hesabu, sayansi na uangalifu wa mali ya umma.

Matokeo hayo ndiyo yapelekwe mbele ya bodi. Ikiwa shule ina darasa la sanaa linaloshughulikia picha kubwa kila siku, na vipimo vimeonyesha kuwa prosesa inalemewa, kadi moja au mbili zinunuliwe bila kusitasita. Ikiwa vipimo havionyeshi hivyo, fedha ziongeze kumbukumbu katika kompyuta zilizopo, au zinunue kamera ambayo wanafunzi wote wataishika kwa zamu.

Muuzaji naye akibisha hodi tena, aulizwe swali moja tu: ni kazi gani hasa ya wanafunzi wetu itakayokwenda kasi, na kwa muda gani? Akikosa jibu, fedha za wazazi zibaki sandukuni.