SHAMBANI WIKI HII: Samadi ya Timboroa Yataka Paa

Wasomaji kadhaa wafugao ng'ombe katika nchi ya baridi wameuliza ni njia ipi ya kuhifadhi samadi iliyo bora. Jibu langu ni kwamba hakuna njia moja iliyo bora kwa kila boma. Lakini hapa Timboroa yuko adui mmoja ambaye kila njia haina budi kushindana naye kwanza, naye ni mvua.

Timboroa ni nchi ya juu. Reli iliyofika Eldoret mwaka wa 1924 hupanda karibu na stesheni yetu hata futi 9,136 juu ya bahari, wala hakuna mahali pengine ipandapo kuzidi hapo. Kwa hiyo samadi huoza polepole, na mvua hupata nafasi ya kuisafisha kabla haijafika shambani.

Jambo hili nalilijua kwa aibu. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, na kazi ya ofisini huniondoa nyumbani tangu asubuhi. Kwa miaka kadhaa tulizoa samadi na kuirundika nyuma ya banda, mahali penye mteremko. Mwaka mmoja, mvua ilipokuwa imekazana, mzee jirani yangu wa upande wa chini alikuja jioni. Aliketi, akanywa chai, akauliza habari za watoto, ndipo aliposema, "Mwanangu, ng'ombe wako wananinywesha maji meusi." Tulikwenda pamoja hadi kijitoni, nikaona kwa macho yangu mfereji mweusi ukitoka katika lundo langu. Msimu uleule viazi vyangu vilitoka vidogo kama mayai. Chakula nilichowanyima viazi ndicho kilichochafua maji ya mzee.

Yafaa tufahamu sababu. Karibu nusu ya naitrojeni atoayo ng'ombe, yaani chakula kinachoipa mimea ukijani, imo katika mikojo, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu. Mikojo ikizama ardhini, au lundo likinyeshewa, mali hiyo hupotea. Inayobaki ni kama majani ya chai yaliyokwisha kutolewa rangi.

Basi kabla ya kuchagua, jiulize maswali matatu: Ng'ombe hulala wapi? Nani atafanya kazi kila siku? Samadi itakwenda katika shamba gani?

Kama ng'ombe huchunga mchana na kulala zizini usiku, watandikie nyasi kavu au maranda ya mbao, yanywe mikojo. Ongeza matandiko yanapolowa, kisha zoa yote pamoja. Njia hii haina gharama kubwa, lakini zizi lisilo na paa litakuwa tope tupu, na ng'ombe wataumwa kwato na viwele.

Kama ng'ombe hufungiwa bandani mchana na usiku, lundo chini ya paa ndilo lifaalo wengi wetu. Sakafu iwe ngumu, yenye mteremko mdogo wa kupeleka mikojo kwenye lundo, na mfereji uchimbwe upande wa juu kuyageuza maji ya mvua. Lundo lisipungue futi nne kwenda juu, kwa maana lundo dogo halitunzi joto katika baridi hii. Lipindue kila baada ya wiki tatu. Likipata joto la digrii 55 au zaidi ndani yake, mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi hufa.

Njia ya tatu ni mtambo wa gesi ya samadi. Si jambo geni Kenya. Mkulima Tim Hutchinson alijenga mmoja katika shamba la kahawa mwaka wa 1957. Nami nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili yake, nikiota jiko lisilo na moshi. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, kila debe la samadi lataka debe la maji. Nani atayachota, nawe uko ofisini?" Sikuwa na jibu. Tena gesi hupenda joto. Chini ya digrii 15 hupungua sana, na usiku wetu ni baridi kuliko hapo. Mwenye maji ya bomba karibu na banda na ng'ombe wa kutosha aweza kuufikiria. Mimi nilinunua mabati.

Sasa hesabu. Ng'ombe mkubwa afungiwaye bandani hutoa kinyesi cha kilo 25 hivi kwa siku. Watatu hutoa zaidi ya tani 27 kwa mwaka. Hata zikipungua nusu kwa kuoza, zatosha ekari tatu za viazi, kwa tani nne kila ekari. Iweke samadi iliyooza katika mifereji wakati wa kupanda, uifunike kwa udongo siku hiyohiyo.

Onyo moja kwa wakulima wa viazi. Mashina na viazi vilivyopatwa na mnyauko visitiwe katika lundo kamwe, wala ng'ombe wasilishwe viazi hivyo, kwa maana ugonjwa waweza kurudi shambani ndani ya samadi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi mwanangu huandika kila toroli itokayo bandani. Naye mzee jirani, tangu paa lile lilipojengwa, huja kunywa chai bila mashtaka.