Mabega Yake Ndiyo Miguu Yake



Juma lililopita, katika kikao cha kamati yetu ya matendo ya huruma, lilizuka neno lililoninyima usingizi. Kijana wa kigango kimojawapo, aliyeanguka na pikipiki akaumia uti wa mgongo, amesukuma kiti chake kwa mikono kwa miaka saba. Sasa mabega yanamuuma mchana na usiku. Mjumbe mmoja akapendekeza tumchangie magurudumu yenye mota ya kumsaidia. Mwingine akajibu upesi: "Kwa fedha hizo tutanunua viti vingi vya kawaida. Mota ni anasa." Wengi wakaafiki. Mimi sikuafiki, na leo naeleza kwa nini.

Tukielewe kwanza kifaa chenyewe. Hakizungumzwi hapa kiti cha umeme kinachoendeshwa kwa kijiti huku mtu ameketi tu. Hiki ni kiti cha mkono, ila ndani ya magurudumu yake mna mota na betri. Mtu husukuma pete ya gurudumu kama kawaida. Kihisi hupima nguvu ya mkono wake, na mota huiongezea. Mkono bado unafanya kazi, lakini haufanyi kazi peke yake.

Sasa tuitazame nchi yetu. Viwango vya ujenzi vinavyofuatwa katika mataifa mengi hutaka njia ya kupandia yenye kimo cha sentimita 1 iwe na urefu wa sentimita 12, na baada ya mita 9 hivi pawe mahali pa kupumzikia. Je, barabara ya kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini ina mita ngapi? Nani amejenga pa kupumzikia? Mbeya nako, mji ulioegemea milima katika kimo cha mita 1,700 hivi, mtu akiacha lami huingia vumbi wakati wa kiangazi na utelezi kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayesema mota ni anasa ameupanda mlima huo kwa miguu yake mwenyewe.

Bega liliumbwa ili mkono ufike mbali na kugeuka huku na huku. Halikuumbwa kuubeba mwili mzima kila siku. Kwa aliyepooza, bega ndilo limsukumalo, ndilo limtoalo kitandani, ndilo limwinualo kidogo kitini ili damu ipite. Bega likiharibika, hajiinui. Asipojiinua, hupata vidonda vya mgandamizo. Na vidonda hivyo huua. Tafiti zilizofanywa Marekani na Ulaya zimeonyesha kwamba maumivu ya bega huwapata wengi wa watumiaji wa viti vya mkono walioumia uti wa mgongo, na kwamba magurudumu yenye mota hupunguza nguvu anayoitoa mtu na mapigo ya moyo wake. Kwa aliyeumia sehemu ya chini ya shingo, ambaye vidole vyake havishiki sawasawa, tofauti hiyo ndiyo kufika au kutofika.

Lakini sitaki kuwadanganya. Magurudumu hayo huongeza uzito wa kiti, na nani atakiinua kiti hicho kwenye daladala? Betri huchakaa na umeme hukatika. Fundi baiskeli wa Mwanjelwa ataziba pancha kwa dakika chache, lakini kihisi kikifa hana la kufanya. Kwa hiyo kijana mwenye kifua na mikono yenye nguvu, akaaye mahali tambarare, anafaa zaidi kiti chepesi cha mkono kilichopimwa mwilini mwake, chenye mto mzuri wa kukalia. Kwenye njia mbovu kiti chenye gurudumu moja la mbele na umbo refu hutulia vizuri zaidi. Na hapa Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa kazi hii.

Ninachokipinga ni hesabu ile ya viti vingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisema kiti kinapaswa kumfaa mtumiaji na mazingira yake. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hata hivyo bado twagawa viti vya namna ile ya wodini, vipana, vizito, saizi moja kwa wote, tukipiga picha na kupiga makofi. Baada ya miezi michache kiti kimeegemezwa ukutani na kuku wamelala juu yake. Tulihesabu viti tulivyotoa; hatukuhesabu watu waliofika sokoni, shuleni au kanisani.

Wakumbukeni wale watu wanne waliomshusha mwenzao aliyepooza kwa kuitoboa dari. Hawakuulizana kwa gharama ya dari ile wangeweza kuwasaidia wangapi. Walimtazama mmoja aliyekuwa mbele yao, wakauona mlango uliozibwa, wakatafuta njia.

Kamati itakutana tena Jumamosi. Nawaomba wajumbe jambo moja. Kiti cha kijana huyo kitakuwa chini barabarani. Kila mjumbe akikalie, ajisukume kwa mikono yake mpaka mlango wa kanisa, na akifika kwenye zile ngazi tano atuambie afanyeje. Ndipo tutakapozungumza juu ya anasa.