TAHARIRI: KIDONGE CHA NDUGU YAKO SI HABARI YA KILABUNI



Leo tunasema juu ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Sisi watu wa Kagera hatuna haja ya kuelezwa ugonjwa huu. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana mkoani humu mwaka 1983, na makaburi yaliyomo migombani mwetu yanajisemea yenyewe. Wakati ule dawa hakuna. Mwaka 2004 Serikali ikaanza kuitoa bure, na siku hizi wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku.

Basi kwa nini wapo wanaoacha? Mara nyingi sababu siyo dawa, ni midomo yetu. Mtu akionekana na kopo, jioni kesha kuwa wimbo wa kilabuni. Ndiyo maana mwingine anavitoa vidonge koponi, anavifunga karatasi na kuvificha darini kwenye moshi. Mwingine wageni wakijaa nyumbani, siku hiyo hamezi. Siku zikirukwarukwa virusi vinaizoea dawa, vinakuwa sugu. Na atakayeambukizwa hivyo vilivyo sugu, anavipokea na usugu wake. Kwa hiyo kicheko chetu kinaharibu dawa ya kijiji kizima.

Kanuni ni hizi:

1. Meza kila siku, saa ile ile. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kesho usimeze viwili kwa pamoja eti kufidia.

2. Usiache kwa kuwa umenenepa na jembe unalishika. Nguvu hiyo ni kazi ya dawa.

3. Usimgawie mtu, hata mke au mume. Naye akapime, apewe zake.

4. Vidonge vikae katika kopo lake, kifuniko kimefungwa, mbali na jua na watoto. Kile kifuko kidogo cha ndani siyo dawa, kinanyonya unyevu. Kiacheni humo.

5. Mweleze mganga wa zahanati dawa zako zote: za kifua kikuu, za kisukari, za kuongeza damu, za kiungulia, hata za miti shamba. Ya kiungulia ikimezwa pamoja na kidonge hiki, inakipunguzia nguvu. Mwenye kifua kikuu huenda akaongezewa kipimo.

Jambo jingine lijulikane: anayemeza sawasawa mpaka kipimo cha damu hakivioni tena virusi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini aendelee kumeza. Akiacha, vinarudi.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu na kumbagua. Sisi tunaomba mkutano mkuu wa ushirika uongeze letu: mwanachama akisema siku ya kazi ya pamoja kwamba anakwenda kliniki, asiulizwe kliniki gani, wala asitozwe faini. Faini ailipe yule atakayemtangaza.

Wazee mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, tulivyohimizana kuchimba vyoo. Safari hii tuchimbe shimo moja la masengenyo, tuyafukie humo, watu wameze dawa zao kwa amani.

Kazi ni kwetu.