Si Kila Mfariji ni Tabibu wa Waswasi

Imezoeleka katika miji yetu ya Arua na Koboko, na katika vijiji na makazi ya wakimbizi yanayoizunguka, kuamini kwamba mtu aliyeshikwa na maradhi ya waswasi hana haja ya kitu kingine ila kutulizwa moyo. Kwamba yeyote mwenye ulimi laini, subira ya kusikiliza na nia njema, awe kaunsela wa shirika, shehe, padre, mchungaji au shangazi wa makamo, aweza kumponya kwa maneno ya faraja. Dhana hii ina sura nzuri, maana imezaliwa na huruma, na huruma ni fadhila ambayo watu wa West Nile, waliokwisha kuwa wakimbizi na waliokwisha kuwapokea wakimbizi, hawakupungukiwa nayo. Walakini ni dhana yenye madhara, na madhara yake yapita yale ya dhana kongwe ya mapepo, kwa kuwa hiyo ya mapepo watu wengi wamekwisha kuanza kuitilia shaka, ilhali hii ya faraja husifiwa na kila mtu, hata na wenye elimu. Kwa hiyo yastahili kupingwa waziwazi.

Yafaa kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Sisemi juu ya hofu ya mzazi ambaye mwanawe amechelewa kurudi kutoka soko la Ariwara, wala juu ya hadhari ya mtu apendaye usafi. Nasema juu ya maradhi ambayo ndani yake fikira asiyoitaka mtu, aghalabu fikira ya najisi, ya kufuru, ya zinaa au ya kuua, humvamia bila hodi na kumjaza hofu, na hofu ile humlazimisha kutenda tendo fulani, au kusema maneno fulani, mara kwa mara, ili apate kutulia kidogo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi huonyesha kwamba katika kila watu 100, mmoja au wawili, pengine na zaidi, hupatwa nayo katika umri wao. Wilaya ya Koboko peke yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki mbili mwaka 2014; na ikiwa kadiri hiyo ni kweli kwetu pia, basi watu wasiopungua elfu mbili wa wilaya hiyo moja wameionja au wataionja adhabu hii, tena wengi wao kwa siri.

Mtazame mfanyabiashara wa Koboko aamkaye kabla ya adhana ya alfajiri. Anatawadha, amekwisha kufika miguuni, mara shaka inamjia kwamba maji hayakufika kisigino. Anaanza upya. Safari hii hana yakini kama alitia nia. Anaanza tena. Jerikeni iliyonunuliwa jana jioni ili iitoshe nyumba nzima inakwisha yeye akiwa bado hajatoka uani, ngozi ya vidole imekunjamana na kupasuka, na swala ya jamaa imekwisha kusaliwa. Au mtazame mwanamke wa Arua ambaye, kila ambebapo mwanawe mchanga, taswira ya kisu humpita akilini. Hakupata kumdhuru mtu maishani mwake, lakini ameviondoa visu vyote jikoni, na tangu asubuhi hadi usiku humuuliza mumewe, "Waamini kweli kwamba siwezi kumdhuru mtoto?" Mumewe humjibu, "Huwezi, mama. Nakujua." Anatulia. Robo saa haijapita, anauliza tena.

Jibu la mume huyu ni la mapenzi, na hapana mwenye insafu atakayemlaumu. Lakini na tuiangalie kazi ambayo jibu hilo hufanya. Faraja ile huishusha hofu kwa dakika chache, na katika dakika hizo nafsi ya mgonjwa hujifunza mambo mawili ya uongo: kwanza, kwamba hatari ilikuwapo kweli, maana kama isingalikuwapo pasingalikuwa na haja ya kuhakikishiwa, na pili, kwamba hofu haiondoki ila kwa kuuliza. Basi kesho huuliza zaidi ya leo. Ni kama mwenye upele ajikunaye: raha ni ya kitambo, na kidonda ndicho kibakiacho. Kaunsela amwambiaye kila juma, "Usijali, dada, wewe ni mama mwema," hana tofauti na mume yule, ila amekuwa mahali pengine pa kuulizia. Mgonjwa hutoka kwake moyo umemtulia, humsifu kwa jirani, na maradhi huzidi kukomaa.

Tiba ya nafsi iliyothibiti kwa maradhi haya ni nyingine kabisa, na mwanzo wake wajulikana. Mwaka 1966 Victor Meyer, wa Hospitali ya Middlesex mjini London, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokwisha kupewa matibabu mengi bila ya faida. Aliwataka wakikabili kile walichokiogopa, na papo hapo wazuiwe kuyatenda yale matendo yao ya kujituliza. Mmoja wao, aliyekuwa akiosha na kusafisha bila ya kikomo, alifungiwa bomba la maji chumbani, na wauguzi wakashinda naye saa zote alizokuwa macho ili asiirudie desturi yake. Na kwa njia hiyo wagonjwa hao walipata nafuu ambayo matibabu yote yaliyotangulia hayakuwapa. Tangu hapo njia hii, ya kuikabili hofu na kulizuia tendo, imejaribiwa mara nyingi katika nchi nyingi, na ndiyo iliyosimama mbele ya tiba zote za mazungumzo kwa maradhi haya.

Wala haifanywi kwa ukatili. Tabibu mwema hupanga pamoja na mgonjwa daraja za hofu, kutoka ndogo hadi kubwa, humwachia hiari yake katika kila daraja, na hukaa naye. Mfanyabiashara wetu atatawadha kwa birika moja, kila kiungo kwa idadi iliyowekwa na dini yake, kisha ataondoka uani pamoja na shaka yake, ataswali nayo, atafungua duka nayo, wala hatamuuliza mtu. Hofu itapanda, nayo ikikosa kuitikiwa itashuka yenyewe, na kesho yake itapanda kwa nguvu iliyopungua. Mama wa Arua atavirudisha visu jikoni, atakata mboga mtoto akiwa mgongoni, na mumewe, kwa makubaliano waliyoyafanya wote wawili mbele ya tabibu, atamwambia kwa upole, "Hilo ni swali la maradhi, sitalijibu, lakini niko hapa nawe."

Atakayesema kwamba London ni mbali, na aangalie yaliyotendeka hapa hapa kwetu. Katika makazi ya Imvepi, yaliyokuwa wakati ule ndani ya wilaya ya Arua, Frank Neuner na wenzake waliwatibu wakimbizi 43 wa Sudan walioteswa na kumbukumbu za vita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Baadhi yao walipewa ushauri wa kuwaliwaza na kuwatia nguvu. Wengine walielimishwa tu juu ya hali yao. Na wengine waliongozwa kuisimulia habari ya maisha yao hatua kwa hatua, wakiikabili hofu badala ya kuikimbia. Baada ya mwaka mmoja, waliobakiwa na maradhi katika kundi la walioikabili hofu walikuwa asilimia 29. Katika kundi la walioliwazwa, asilimia 79. Na katika kundi la walioelimishwa tu, asilimia 80. Maradhi ya kumbukumbu za vita si waswasi, wala sitaki kuyachanganya. Lakini hesabu hiyo, iliyotolewa juu ya udongo wetu wenyewe, ni ithibati kwamba kuliwaza ni jambo moja na kutibu ni jambo la pili.

Wako watakaosema kwamba dini yatuamuru kuwafariji wenye dhiki. Ni kweli, ila wenye elimu ya dini hawakufundisha kwamba mwenye waswasi ajibiwe kila aulizapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyaeleza maradhi haya katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi, akayapa mlango wake mbali na hofu na huzuni. Mafakihi waliweka kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na wakamwagiza mwenye waswasi asiisikilize shaka yake wala asirudie ibada yake, jambo ambalo kwa hakika ni kulizuia tendo. Kwa upande wa Wakatoliki, Ignasi wa Loyola, alipokuwa Manresa mwaka 1522, aliteswa na dhambi alizokwisha kuziungama, akawa hawezi kuacha kuziungama tena na tena. Nafuu aliipata alipokata shauri kutoziungama tena za zamani. Basi shehe amwambiaye mtu, "Udhu wako ni sahihi, wala usinirudie kwa swali hili," na padre akataaye kusikiliza ungamo lile lile mara ya kumi, wamefanya kazi karibu zaidi na tiba kuliko mfariji ajibuye kila aulizwapo.

Dhana hii ya faraja ina pacha wake, nao ni usemi kwamba kama mfariji hatoshi, basi hapana budi kwenda Butabika. Hospitali ile ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko karibu kilomita 500 kutoka Arua, na jina lake peke yake huwatia watu hofu ya kuitwa wendawazimu. Kwa hiyo atakayeambiwa aende huko aghalabu hubaki nyumbani. Lakini Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, na kutoka Koboko hadi hapo ni mwendo wa chini ya kilomita 60. Dawa za kusaidia zipo pia, mathalani fluoxetine na clomipramine, mradi mgonjwa aelezwe mapema kwamba zahitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa, asije akaziacha katika wiki ya pili. Ama ujuzi wa tiba ya mazungumzo, hauhitaji daktari bingwa katika kila kituo. Waliokaa na mgonjwa wa Meyer walikuwa wauguzi. Katika makazi ya Nakivale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wakimbizi wenzao waliojeruhiwa na vita, na tiba yao ikafaa. Wala hao hawakutibu waswasi, lakini walifundishika. Na njia yenye hatua zinazojulikana yaweza kufundishwa kwa muuguzi wa Arua kama ilivyofundishwa kwao.

Kilichopungua ni mafunzo ya maradhi haya hasa. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa ajili ya wahudumu wa afya wasio mabingwa haukuyatengea mlango. Na mhudumu asiyefundishwa kuyatambua huyaita huzuni, au wazimu, au hukata shauri kumliwaza mtu na kumrudisha kwake.

Kwa hiyo anayemtafutia ndugu yake tabibu asiridhike na sifa ya upole, bali aulize, kwa adabu na bila ya haya: Umepata kumtibu mtu mwenye maradhi haya, na ulifanya naye nini? Atakapokuuliza kama yuko salama, utamjibu nini? Ni kazi gani utampa aifanye nyumbani mpaka siku ya kurudi, na sisi jamaa zake tufanye nini? Ajibuye kwamba atamtuliza, atamfundisha kupumua, au atamwambia aache kufikiri hivyo, huenda akawa mtu mwema, ila siye anayetafutwa. Asemaye kwamba watapanga daraja za hofu, watazipanda moja moja, na jamaa watafundishwa kuacha kumhakikishia, huyo ashikwe kwa mikono miwili, awe ni daktari, afisa wa tiba ya akili au muuguzi.

Nao wenye mamlaka wana wajibu wao. Mashirika yanayowaajiri makaunsela wengi katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule yawafunze kuyatambua maradhi haya, na kuwazuia kuyalisha kwa faraja. Na hospitali ya rufaa iwape wauguzi wake wachache ujuzi wa njia hii, pamoja na mtaalamu wa Kampala wa kuwasimamia kwa simu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na miaka ambayo wagonjwa huipoteza wakizunguka kutoka kwa mfariji mmoja hadi mwingine. Huruma yetu na ibaki, tena izidi. Lakini tangu sasa na ipimwe kwa afya ya mgonjwa baada ya mwaka, si kwa utulivu wake baada ya dakika kumi.